Fungu la Mtoto wa Kati

Katika mila ya Wachagga, nusu ya swali la mtu atakuwa nani ilikuwa imeshajibiwa kabla hajajua kutembea. Kifungua mimba alikatiwa kihamba chake (shamba la nyumbani la migomba) alipooa, aghalabu jirani na baba. Kitindamimba alibaki na nyumba ya wazazi, akawatunza, na walipofariki kihamba cha baba kikawa chake. Waliozaliwa katikati walipewa baraka. Baba mwenye uwezo aliweza kuwaombea kipande kwa mangi, yaani mtawala wa eneo, au wakafyeka wenyewe mahali palipokuwa bado wazi. Ardhi ilipokwisha, walishuka kutoka mlimani. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyesomea pia sheria, aliueleza mpango huu kwa kina katika kitabu chake cha 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro, na ukikisoma nawe ni mtoto wa kati unahisi kama mtu alijibanza mlangoni akisikiliza kikao cha ukoo wenu.

Himo ni mji wa walioshuka. Juu kuna migomba, mifereji, ukungu na makaburi ya mababu. Huku chini kuna vumbi, joto, mahindi na magari. Baba yangu alizaliwa Kilema, wa tatu kati ya wanaume watano, na alipooa hapakuwa na kipande cha kumkatia. Akashuka na mama, akapanga chumba, akaanza kununua na kuuza mahindi. Sikumsikia hata mara moja akitaja kadari. Akiulizwa kwa nini yuko Himo, alijibu, "Si ndiko nilikofikia," kisha akageukia debe lake.

Debe hilo linastahili maelezo. Mkulima akiuza mahindi, mnunuzi hulitikisa debe ili punje zikae vizuri na zaidi ziingie. Mnunuzi huyohuyo akigeuka muuzaji, hulijaza polepole bila kuligusa. Wapo wanaolipiga nyundo kwa ndani mpaka mbavu zitune, na debe la namna hiyo unalijua kwa kulipapasa, si kwa kulitazama. La baba lilikuwa na mbavu zilizonyooka, na alilitikisa kiasi kilekile akinunua na akiuza. Akina mama walioshuka na mikungu ya ndizi wakapanda na mahindi walimjua kwa hilo tu. Nimejaribu kutafuta siku aliyoamua kwamba hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, na siamini kwamba siku hiyo ilikuwepo.

Mahali barabara ya Dar es Salaam na ile ya Holili zinapoachana panaitwa Njia Panda, na najua msomaji anasubiri nilitumie jina hilo. Sitalitumia. Mtu anayesimama Njia Panda alfajiri akisubiri basi hachagui njia. Ana tiketi mfukoni na wapiga debe wawili wanaomvuta begi.

Zamani nilidhani kadari ni jambo la mbinguni. Kukulia karibu na mpaka wa Kenya kulinifundisha kwamba nyingine huandikwa ofisini. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia mikataba ya ardhi Taveta. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana nchi hizi kwa mstari uliotoka pwani ukanyooka kuelekea Ziwa Victoria, ila ulipofika kwetu ukapinda kuuzunguka mlima: Taveta ikaachwa kwa Waingereza, Kilimanjaro ikaachwa kwa Wajerumani. Tuliosoma shule za hapa tumesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiza Wilhelm mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli, na kalenda peke yake inatosha kuonyesha hivyo, kwa kuwa Wilhelm wa Pili alishika ufalme mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kukubaliwa. Lakini naelewa kwa nini hadithi hiyo haifi. Heri uamini kwamba maisha yako yalipangwa na bibi aliyempenda mjukuu wake kuliko kuamini kwamba yalipangwa na maofisa wasioijua Himo wala Taveta.

Shangazi yangu aliolewa Taveta. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulikaa umefungwa mpaka 1983. Shangazi akawa mtu wa nje bila kuhama. Himo nayo ikapata kazi mpya. Kahawa ilivuka usiku kwa njia za panya, na sabuni, mafuta ya kupikia na nguo zikarudi kwa njia hizohizo. Nawajua wazee wawili wa magendo ya miaka ile, marika, waliotumia vichochoro vilevile na baiskeli za aina moja. Mmoja alisomesha watoto wote. Mwingine alifungwa. Wa kwanza husema Mungu alimwona. Wa pili husema aliyemwona yeye ni jirani.

Kuna pia kadari ya wizara. Baada ya uhuru, nafasi za sekondari za serikali ziligawiwa kimkoa ili sehemu zilizoachwa nyuma na wakoloni na wamisionari nazo zipate watu waliosoma. Nausifu mpango ule, nami ni mtoto wa mkoa ulioumia kwa sababu yake. Kwa Kilimanjaro, yenye shule za msingi nyingi na watahiniwa wengi, maana yake ilikuwa kwamba mtoto angeweza kufaulu vizuri na bado asichaguliwe. Majina yalibandikwa, watoto wakayafuatisha kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha wakaanza tena juu. Waliokosa walirudi nyumbani wakiwa wamemaliza masomo kabla ndevu hazijaota. Wazazi na makanisa walichanga fedha, mbao, mawe na nguvu za mikono, wakajenga sekondari zao, hata kufikia miaka ya 1980 hakuna mkoa uliokuwa na sekondari nyingi za binafsi kama huu. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akilieleza jambo lile kama ushindi wa hiari dhidi ya kadari. Wanasema tu kwamba watoto walikuwa wanazurura.

Wanatheolojia ndio waliobishania suala la hiari na kadari kwa ukali. Erasmus aliandika kuitetea hiari ya binadamu mwaka 1524. Martin Luther akamjibu mwaka uliofuata kwamba hiari hiyo, mbele ya wokovu, imefungwa minyororo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893, walikuta mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu wameshaanza kazi Kilema. Watu wakagawanyika kwa kufuata mito na wamangi: Kilema Wakatoliki, Mamba na Marangu Walutheri. Kwa hiyo watoto wawili wanaoweza kuitana kwa sauti kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya bonde wamefundishwa mambo tofauti juu ya uhuru wa nafsi zao, na hakuna kati yao aliyechagua mwalimu. Majirani zetu Waislamu wa Himo, ambao kwao kuiamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani, ndio niliowaona wakifungua maduka mapema kuliko watu wote.

Nirudi kwenye kihamba, maana huko ndiko kadari ilikogeuka na kutucheka. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na kihamba kilichokuwa kikisomesha ukoo mzima kikawa hakilipi hata dawa ya mibuni. Wakati huohuo wale waliokosa fungu, walioshuka na kuendelea kushuka mpaka Arusha, Dar es Salaam na Mbeya, walikuwa wameshafungua maduka. Mteja wa Tandika, Dar es Salaam, hana habari za kifungua mimba na kitindamimba. Anamtuma mtoto akanunue sukari kwa Mangi. Mtu ambaye mangi hakumkatia hata robo ekari anaitwa Mangi na mtaa mzima. Desemba anarudi nyumbani (watani wetu husema tunakwenda kuhesabiwa) na kufungua nyumba ya ghorofa iliyokaa imefungwa tangu Januari. Mlinzi wa nyumba hiyo mwaka mzima ni mdogo wake, mwenye kihamba, anayelala kwenye nyumba ya zamani ya baba yao.

Baba yangu mdogo ni mmoja wa wadogo hao waliobaki na kihamba. Nilimkuta akimkatia ng'ombe mgomba kwa panga, vipande vyembamba vya sentimita moja moja, bila kutazama vidole.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mwaka huu umekuja kuhesabiwa mapema."

Nilimuuliza kama alipenda kubaki. Aliendelea kukata.

"Nani aliniuliza? Na baba yenu naye, nani alimuuliza kama anapenda kushuka?"

"Nauliza wewe mwenyewe, moyoni."

"Bibi yenu alipopooza, alilala kitandani mpaka alipofariki. Wa kumgeuza usiku nilikuwa mimi na mama yenu mdogo. Ulitaka nimwambie, mama, subiri kwanza niangalie moyoni?" Akacheka. "Lakini usinifanye mtakatifu. Ujanani nilitoroka mara mbili. Mara ya pili nilifika Korogwe."

"Kilichokurudisha?"

"Nauli iliisha."

Ukoo wetu unasimulia kisa hicho kwa namna nyingine. Kwa mujibu wa ukoo, alirudi kwa sababu damu ya kitindamimba haiwezi kuacha nyumba ya mama. Nimelisikia simulizi hilo kwenye misiba na kwenye harusi, na yeye mwenyewe huwa ameketi pale akitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kadari husomwa kwa kurudi nyuma. Nauli inaisha Korogwe, kijana anarudi akiwa na njaa na aibu, anaoa, analima, anamgeuza mama yake usiku kwa miaka, na baada ya hayo yote watu wanakaa chini na kuona kwamba haikuwezekana kuwa vinginevyo.

Marangu wana kisa cha jamii hiyo. Inasimuliwa kwamba Yohani Kinyala Lauwo alikuwa kijana aliyekwepa kazi ya kutengeneza barabara, akakamatwa, akapelekwa kwa Mangi Marealle, na siku hiyohiyo pale kwa mangi alikuwepo Mzungu akitafuta watu wa kumpandisha mlimani. Watafiti wanabishana kama Lauwo kweli alikuwa katika msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller waliofika kilele cha Kibo Oktoba 1889. Hakuna anayebisha kwamba aliongoza wageni mlimani kwa miongo mingi, na alipofariki mwaka 1996 alikuwa mkongwe anayeheshimiwa na kila mpagazi. Kama angekwenda barabarani siku ile kama watu watiifu, angechimba mtaro.

Naona watu wanaonizunguka wanalitafuta kusudi la maisha kwa upande mwingine, kwa kwenda mbele. Moshi mjini na hapa Himo hakukosekani bango la semina: gundua kusudi lako, ishi hatima yako, vunja minyororo ya ukoo. Sina ugomvi na matumaini. Ugomvi wangu ni na fundisho kwamba kusudi limefichwa mahali likiwa na jina lako juu yake, na kwamba yupo mtu mwenye ufunguo. Jioni ya Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, watu waliohudhuria ibada walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na 20 wakafa kwa kukanyagana. Siwezi kuwacheka waliokimbia. Walichokimbilia ni ada ya shule, mimba isiyoshika, ugonjwa usio na jina, laana ya ukoo ikatike. Hiyo laana ya ukoo nayo nimeisikiliza sana katika maombi, na nijuavyo mimi, kwa huku kwetu, mara nyingi ukiikwangua kidogo unakuta mpaka wa kihamba na sale, mmea wa kuonyesha mpaka, lililong'olewa usiku. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alimbebesha Kazimoto wa riwaya yake *Kichwamaji*, mwaka 1974, swali la maana ya maisha likiwa tupu, halina jirani wala ng'ombe wa kulishwa, na Kazimoto hakutoka salama.

Baba mdogo ana ng'ombe wa kulishwa. Simaanishi kwamba ng'ombe ni jibu. Namaanisha kwamba nikiwatazama watu ambao maisha yao yanaonekana yana mwelekeo, baba na debe lake, shangazi aliyelea wajukuu wa nchi mbili, huyu mzee na panga lake, sioni mtu aliyeanza na kusudi. Naona watu walioanza na deni. Kuna mtu aliyewategemea, wakaenda, na baada ya kwenda miaka mingi nyayo zao zikaonekana kama njia.

Hata hivyo wazo hili ni la hatari, na hatari yake naijua kwa sababu mimi ni mwanamume ninayeliandika. Ni rahisi mno kumwambia mtu apokee fungu lake wakati fungu lililobaki umelichukua wewe. Kwa hiyo siku hizi, nikiambiwa jambo fulani ni kadari, nauliza swali moja: lilikaliwa kikao? Kupooza kwa bibi hakukukaliwa kikao. Mpaka wa Taveta ulikaliwa. Orodha ya waliochaguliwa ilikaliwa. Na ule mpango wa kifungua mimba na kitindamimba, ambao nilikua nikidhani ni wa zamani kama mlima, ulikaliwa vikao vingi sana. Mambo mengi tuliyoambiwa ni ya Ruwa, Mungu wa Wachagga, yaliamuliwa na wanaume waliokaa kwenye vigoda wakinywa mbege.

Msomaji makini ameshagundua ni nani sijamtaja tangu nianze. Mtoto wa kati angalau alikosa fungu. Binti hakuwamo kwenye hesabu ya kukosa. Yeye alitegemewa kuolewa, akapate ardhi ya kulima kwa mume. Serikali ilipoandika kanuni za urithi za kimila mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mabinti waliwekwa daraja la tatu. Kule Kagera, Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mwanamume wa ukoo wake akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba anayo, sawasawa na mwanamume. Sheria za ardhi za 1999 nazo zikasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi kama mwanamume. Vikao vya ukoo vinazijua sheria hizo. Huzitaja kwa heshima, kisha huendelea.

Kitindamimba wa baba mdogo ni msichana. Kaka zake wako Dodoma na Mwanza, na kihamba hawakitaki. Wakija hawatoki nje bila viatu vya mpira. Yeye amesomea kilimo, amerudi, anakaa na wazazi, na anataka kupanda parachichi katikati ya migomba, kwa kuwa zina soko na wanunuzi wanazifuata mpaka shambani. Kaka hawa hawataki ardhi, ila hawataki pia iende kwa mtu ambaye kesho ataolewa na kuipeleka ukoo mwingine. Wakiulizwa wanasema si wao, ndivyo ilivyo tangu mababu. Nilimuuliza binti kama anajiona ameitwa kufanya kazi hii. Alinitazama kama mtu anayeulizwa habari za mwezi.

"Kaka, baba hawezi tena kupanda kwenye ngazi kukata ndizi. Mimi nitakwenda wapi?"

Kikao kimepangwa Desemba, baada ya Krismasi, watu wote wakiwa wameshahesabiwa. Kaka yangu mkubwa amenipigia kujua nitasimama upande gani, nikamwambia nitasimama na binti. Kimya kikawa kirefu, halafu akaniuliza kama nimesahau kwamba mimi mwenyewe sikupewa kitu. Nikamwambia ndiyo sababu.

Sasa, mlimani kuna jambo kila mtu analijua. Anayelima ardhi ya kuazima huruhusiwa maharage na mahindi, vitu vya msimu mmoja. Haruhusiwi mti wa kudumu, kwa sababu mti ni madai, na aliyepanda mti hang'oki kirahisi. Nimemtumia binti fedha za miche ili Desemba kikao kikute imeshashika. Mashimo amechimba baba mdogo mwenyewe, na amemwambia mke wake kwamba ni ya mbolea.